Mshororo wa Manus

Katika kitabu cha Behrouz Boochani kiitwacho No Friend But the Mountains, nathari hukatika bila kubisha hodi. Msimulizi anaeleza ua wa gereza, joto, harufu ya vyoo, mlinzi aliyejibwaga kitini. Mara ukingo wa kulia wa ukurasa unabomoka na maneno yanaanza kushuka kwa mishororo mifupi. Kisha nathari inarejea na kushika pale ilipoachia, kana kwamba hakuna lililotokea. Msomaji mwenye haraka huiruka mishororo hiyo akiidhania pambo. Mimi naona kinyume chake. Pale panapovunjika ndipo kitabu kinapofanya kazi yake ngumu zaidi, kazi ambayo Boochani, mwandishi wa habari kwa taaluma, hakuweza kuifanya kwa zana za habari.

Wasifu wake umeshasemwa sana, nitaupitia kwa ufupi. Ni Mkurdi wa Ilam, magharibi mwa Iran, aliyezaliwa mwaka 1983 vita vya Iran na Iraq vikiwa vimepamba moto. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa Werya, jarida lililotetea lugha na utamaduni wa Kikurdi. Februari 2013 Walinzi wa Mapinduzi waliivamia ofisi ya jarida na kuwakamata wenzake 11. Yeye siku hiyo alikuwa Tehran. Alichofanya ni kile ambacho mwandishi wa habari angefanya: aliiandika habari ya kukamatwa kwao, ikasambaa, na kuanzia hapo ikambidi ajifiche. Mei akatoroka nchi. Alipita Indonesia, akaingia baharini mara mbili, na Julai akachukuliwa na jeshi la majini la Australia. Siku chache kabla, tarehe 19 Julai, Waziri Mkuu Kevin Rudd alikuwa ametangaza kwamba hakuna atakayefika kwa boti bila viza atakayeruhusiwa kuishi Australia. Agosti Boochani akapelekwa kwenye kambi ambamo Australia iliwashikilia waomba hifadhi, katika kisiwa cha Manus, Papua New Guinea. Hakuondoka nchi hiyo hadi Novemba 2019.

Katika miaka hiyo yote hakushtakiwa kosa, hakusimamishwa kizimbani, hakupewa hukumu. Mwezi Aprili 2016 Mahakama ya Juu ya Papua New Guinea ilitamka kwamba kuwashikilia watu wale kulivunja katiba ya nchi, na bado kambi haikufungwa hadi mwisho wa Oktoba 2017. Jambo hili lisichukuliwe kama usuli tu. Ndilo linalotengeneza umbo la kitabu. Mfungwa aliyehukumiwa ana tarehe ya kuhesabia. Mfungwa wa Manus hakuwa nayo, na masimulizi yasiyo na tarehe ya mwisho hayawezi kujengwa kama masimulizi mengine.

Habari huishi kwa tukio. Mhariri huuliza nini kimetokea, lini, wapi, nani amethibitisha, msemaji wa serikali amejibu nini. Boochani aliifanya kazi hiyo kwa miaka, akiripoti kutoka ndani ya uzio kwa magazeti kama Guardian. Na haikuwa kazi rahisi hata kwa walio nje: sheria iliyopitishwa Australia mwaka 2015 ilimtishia mfanyakazi wa kambi anayetoboa siri kifungo cha hadi miaka 2. Lakini tatizo kubwa lilikuwa la umbo. Mateso ya Manus kwa sehemu kubwa hayakuwa matukio. Yalikuwa kusubiri, na kusubiri hakuna kichwa cha habari. Mtu akijikata mishipa ni habari. Mtu akisimama juani kila siku, mwaka hadi mwaka, akingoja chakula, si habari hata ya ukurasa wa saba. Boochani mwenyewe amesema katika mahojiano kwamba lugha ya magazeti haina nguvu ya kubeba yaliyotendeka pale. Waandishi wengi husema maneno kama hayo wanapozindua vitabu. Tofauti ni kwamba yeye ameyathibitisha, na ushahidi uko katika sura ya nane.

Sura hiyo inahusu foleni. Foleni ya chakula, foleni ya choo, foleni ya simu, foleni ya dawa, foleni ya sigara. Kitabu kizima kimesimuliwa zaidi kwa wakati uliopo, na hapa ndipo uamuzi huo unapolipa. Wakati uliopita ungempa msomaji faraja ya kujua kwamba mambo yalikwisha. Wakati uliopo unamzuilia. Watu wanasimama, jua linachoma, mlango unafunguliwa, watano wanaingia, mlango unafungwa. Kisha maelezo hayohayo yanarudi, yakiwa na badiliko dogo: leo kuna juisi, kesho hakuna, keshokutwa kuna keki ya wa mbele peke yao. Sababu haitolewi. Kanuni inabadilika bila aliyeibadilisha kuonekana; kila ofisa anamtaja mkubwa wake, na mkubwa naye ana mkubwa. Katika fasihi yetu takriri hufundishwa kama mbinu ya msisitizo. Katika sura hii haisisitizi kitu. Inachosha, na imekusudiwa ichoshe. Mara kadhaa nilitamani kuruka ukurasa, na nadhani mwandishi alijua nitatamani.

Mishororo inaingia pale nathari inapokuwa imefikia kikomo cha kuorodhesha. Inachofanya ni kuondoa viunganishi. Nathari ya Boochani inapenda sababu: hiki kwa ajili ya kile, huyu kwa maagizo ya yule. Maneno yanaposhuka kwa mishororo, "kwa sababu" inatoweka. Mwili, jua, uzio, njaa, mwili. Hayo ni maneno yangu, si yake, lakini mpangilio ndio huo: majina yakisimama moja nyuma ya jingine, kila moja peke yake, bila kitenzi cha kuliokoa. Ukurasa wenyewe unapanga foleni. Gereza lina mantiki inayojieleza kwa sababu za uongo, na shairi linakataa kushiriki katika biashara ya kutoa sababu. Sijui njia bora zaidi ya kuuripoti mfumo ambao kanuni zake hazikutungwa ili zieleweke.

Sura inayofuata inaonyesha foleni ikiua kwa namna yake. Mwanamume mmoja, ambaye lakabu yake inatokana na kuwa baba wa mtoto mchanga, anapata habari kwamba baba yake yuko kitandani anakufa. Anaomba apige simu. Anaambiwa asubiri zamu yake, maana kanuni ni kanuni. Anapofikia simu, baba ameshakufa. Mwandishi wa riwaya mwenye mkono mzito angetupa hapa shairi la maombolezo. Boochani anajizuia, anasimulia kwa utulivu wa karani, hatua baada ya hatua, nani alijibu nini. Ushairi kwake hauji kila panapouma. Unakuja pale ambapo hakuna cha kusimulia, na panapokuwa na tukio la kweli, lenye mwanzo na mwisho, anairejesha kalamu ya mwandishi wa habari. Mgawanyo huo wa kazi kati ya nathari na ushairi ndio ufundi mkubwa wa kitabu.

Kuna kisa kidogo kinachofaa kukumbukwa pamoja na hayo. Wafungwa walichora kwenye meza ubao wa mchezo wa kete unaopendwa sana Iran, wakatumia vifuniko vya chupa kuwa kete. Walinzi waliufuta na kuandika kwamba michezo ni marufuku. Gereza halikuogopa vifuniko vya chupa. Liliogopa mpangilio uliotungwa na wafungwa wenyewe, wenye zamu ambayo haikutoka kwa mlinzi na mwisho ambao mchezaji anaweza kuufikia. Kwa kipimo hicho, shairi ni marufuku kabla halijasema neno lolote la siasa.

Tuje kwenye majina. Ndani ya Manus Boochani aliitwa MEG45. Kila mtu alikuwa na namba, na namba ndiyo iliyoitwa kwenye foleni. Jibu jepesi lingekuwa kurudisha majina halisi, jina moja kwa kila namba, kama mnara wa kumbukumbu. Hakufanya hivyo, na isingewezekana bila kuwahatarisha watu. Badala yake kila mhusika ana lakabu: Ng'ombe, Waziri Mkuu, Jitu Pole, na Maysam anayebeba lakabu ya matusi na kuigeuza kuwa vazi la jukwaani, akicheza ngoma usiku mbele ya wafungwa wenzake huku walinzi wakitazama bila kujua wafanye nini na furaha isiyo na kibali. Hata jenereta ina lakabu. Ni mzee, tena mzee wa kudeka, akizimika feni zinasimama, maji yanakatika, vyoo vinafurika.

Mila hii ya lakabu inaonekana ya kitoto hadi utakapoona inavyofanya kazi. Namba haina tabia. Haiwezi kuwa na tamaa wala aibu. Lakabu ina tabia yake yenyewe. Ng'ombe ndiye wa kwanza kwenye foleni daima, na msimulizi anamcheka, nasi tunacheka naye. Baadaye kidogo tunagundua kwamba foleni ndiyo iliyomzalisha Ng'ombe, na kwamba kila aliyemcheka alikuwa akitamani nafasi yake. Waziri Mkuu ni mtu wa heshima zake, mwenye nguo safi na salamu za kipimo. Gereza linamvunja kupitia choo, kwa tukio moja la fedheha, naye anakubali kurudishwa alikokimbia. Lakabu zinamwezesha mwandishi wa habari kusema ukweli wa watu bila kumkabidhi mlinzi orodha. Wengi wao wameundwa kwa kuunganisha watu zaidi ya mmoja. Lakini waliokufa hawakuchanganywa na yeyote: Jitu Pole ni Reza Barati, Mkurdi wa Iran aliyeuawa tarehe 17 Februari 2014, na kijana wa tabasamu ni Hamid Khazaei, aliyekufa Septemba mwaka huohuo kwa maambukizi yaliyoanzia mguuni. Walio hai wanafichwa na wafu wanatajwa. Ndivyo maadili ya kazi yake yalivyoingia ndani ya umbo.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kusoma haya bila kumkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya miaka 3, kuanzia 1969, kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?", na kuandika kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Kufanana kwao ni dhahiri mno kiasi cha kuchosha. Wanapoachana ndipo penye faida. Abdilatif aliingia selo na arudhi kamili kichwani. Vina na mizani vilikuwa mali ambayo askari hawezi kuipekua. Ubeti unaokaa sawa hukumbukwa hata karatasi ikinyang'anywa, na kila ubeti unaofungika ni dai kwamba akili ya mfungwa bado ina utawala wake. Boochani anapinga kwa njia ya kinyume. Umbo lake halifungiki. Linakatizwa, linaanza upya, linakatizwa tena. Wale miongoni mwetu ambao bado wanashikilia kwamba lisilo na vina si shairi ningewaomba waitunge foleni ya Manus kwa mizani nane kwa nane. Watafaulu, sina shaka, tuna mafundi. Lakini kituo cha kila ubeti kitaipa foleni hiyo mwisho ambao haikuwa nao, na hapo watakuwa wameripoti uongo kwa vina vizuri.

Chombo cha kuandikia nacho kina sehemu yake. Boochani aliandika kwa kidole kwenye simu aliyoificha, akituma vipande kwa WhatsApp kwa Moones Mansoubi huko Australia, ambaye alivikusanya na kuvipanga. Simu ingeweza kunaswa wakati wowote. Kila kipande kilichotumwa kilikuwa kimeokoka. Ambacho hakijatumwa kilikuwa hatarini. Mtu anayeandika hivyo hujifunza kukata mapema. Sisemi kwamba WhatsApp ndiyo iliyotunga kitabu, kuna watu wameandika kana kwamba ni hivyo. Nasema kwamba vipande vinavyoweza kusimama vyenyewe vina maana nyingine kabisa pale kinachofuata kinaweza kisifike.

Kuna kikwazo ambacho mhakiki hana ruhusa ya kukikwepa. Mishororo tunayoisoma ni ya Kiingereza, na mkono ulioikata ni wa Omid Tofighian, mtafsiri. Boochani aliandika kwa Kiajemi, lugha ya dola iliyoibana lugha ya mama yake. Kitabu kikaja kuchapishwa mwaka 2018 kwa Kiingereza, lugha ya dola iliyomfunga. Tofighian ameeleza wazi kwamba sentensi ndefu za Kiajemi cha fasihi hazikukubali kukaa kwa Kiingereza, na kwamba sehemu nyingine zilizokuwa nathari alizigeuza kuwa mishororo, akishauriana na mwandishi. Kwa hiyo nani mshairi? Nadhani jibu la haki ni kwamba tunasoma ushairi wa watu wawili, mmoja ndani ya uzio na mmoja nje. Hili linatunyima mambo fulani. Hatuwezi kuhesabu mizani wala kusifu mlio wa silabi, na mhakiki anayefanya hivyo anamsifu mtu mwingine. Lakini mahali ukatizo unapotokea, kinachorudiwa, anayetajwa na anayefichwa, hayo yamepita salama kutoka lugha hadi lugha, na ndiyo niliyoyajadili.

Si kila kitu kimenipendeza. Boochani na Tofighian wanauita utawala wa gereza kwa istilahi waliyoiazima kwa mwanatheolojia wa kifeministi Elisabeth Schüssler Fiorenza, inayomaanisha mfumo wa ubwana ndani ya ubwana, na wameiandika kwa herufi kubwa kama jina la jini. Mara ya kwanza inashtua. Ikirudi kwa mara ya kumi inakuwa kibandiko kinachonieleza kile ambacho jenereta na foleni zimeshanionyesha vizuri zaidi. Nadharia hapa inafanya kazi ya msemaji wa serikali, isipokuwa upande wa pili. Vilevile wenyeji wa Manus walioajiriwa kambini wanakaa kama kundi, wapole, walegevu, watu wa msitu wenye uhuru wao. Wachache wanapata sura, na karibu hakuna anayepata lakabu yenye uzito wa ile ya Ng'ombe. Mwandishi aliyepigana na namba kwa nguvu hivyo alikuwa na nafasi ya kuwatendea haki zaidi watu ambao nao walitumiwa na Australia kwa ujira.

Mandhari, kwa upande mwingine, imepata haki yake yote. Jina la kitabu linatoka kwenye msemo wa Wakurdi juu ya milima kuwa rafiki yao wa pekee, na mtu wa milima ya Zagros anajikuta kisiwani, bahari kila upande. Milima yake haipo, kwa hiyo anaisimamisha mwenyewe: mwembe mkubwa, maua yanayofanana na chamomile, nyenje wa usiku, ndege aitwaye chauka ambaye sauti yake watu wa Manus huitumia kujua saa. Walinzi walikuwa wamelitwaa jina la ndege huyo na kuiita kwa jina hilo sehemu ya kifungo cha upweke. Katika kitabu, na katika filamu aliyoipiga kwa simu akishirikiana na Arash Kamali Sarvestani mwaka 2017, Boochani analirudisha jina kwa ndege. Anawanyang'anya walinzi neno na saa kwa mpigo mmoja, katika kambi isiyo na kalenda.

Sura ya mwisho ni ya ghasia za kambini za Februari 2014, zile ambamo Reza Barati aliuawa. Hapa tukio limekuja hatimaye, kubwa, lenye tarehe na maiti, na kwa mgawanyo niliouonyesha tungetegemea nathari ya mwandishi wa habari ishike usukani. Inaanza hivyo. Halafu giza linaingia, watu wanakimbizana, vilio vinachanganyika, na mishororo inarudi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona amevunja kanuni yake mwenyewe. Nilipoirudia niliona kwamba hajaivunja. Msimulizi hakushuhudia kila pigo. Alichokuwa nacho ni sauti gizani na watu waliobebwa wakivuja damu. Mwandishi wa habari asiyeona hatungi. Anaandika alichosikia, katika mpangilio aliosikia, bila viunganishi ambavyo havikuwepo. Kisha kinakuja kifo cha Reza, na kitabu kinaisha bila hitimisho la busara.

Januari 2019 kitabu kilishinda Tuzo ya Fasihi ya Victoria, dola 100,000 za Australia, pamoja na tuzo ya vitabu visivyo vya kubuni, dola 25,000. Masharti ya uraia na ukaazi yalilegezwa ili kiweze kushindanishwa, na mwandishi alitoa hotuba yake kwa video kwa kuwa bado alikuwa Manus. Waamuzi waliokiweka katika fungu la visivyo vya kubuni, pamoja na mishororo yake, lakabu zake na jenereta yake yenye tabia za mzee, walisoma vizuri: ni ripoti. Kuhusu Reza Barati, mahakama ya Papua New Guinea iliwatia hatiani wenyeji wawili mwaka 2016. Mashahidi walisema kulikuwa na walinzi wa kigeni pia waliompiga. Hakuna hata mmoja wao aliyefikishwa mahakamani.